Mshauri Wangu Alileta Jembe

Serikali ilimtuma mtu aje kunirekebisha tabia mimi. Akaishia kumchumbia dada yangu, mbele ya mashahidi, bila kutamka hata neno moja la uchumba.

Na sisi nyumba nzima tukanyamaza, tukamwacha azidi kujichimbia.

Msinihukumu. Someni kwanza.

Naitwa Célestin Habarurema. Ni mzee sasa, meno yaliyobaki yanatosha kwa viazi tu. Anayenigongea maneno haya kwenye simu ni mjukuu wangu Wivine. Mimi nimemkataza kupamba, yeye amenikataza kutukana. Kwa hiyo mkifika mahali pamepoa sana, jueni hapo amefuta.

Mwaka ni 1957. Wazungu walikaa Himbi kando ya ziwa, sisi tulikaa Kanyaruchinya huku juu, chini ya volkano, na ng'ombe wetu na maharagwe yetu. Baba yangu, Ntirenganya, alikuwa na mifugo kidogo na kiburi kingi. Aliwauzia maziwa Wazungu wa Himbi, na mimi ndiye niliyeyateremsha kila asubuhi, kwa miguu, juu ya mawe ya lava yanayotafuna nyayo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: baiskeli.

Sasa kulikuwa na Mzungu mmoja wa kilimo, agronome, kazi yake kupita kwenye mashamba ya watu akiwafokea. Siku hiyo ameegemeza baiskeli yake ukutani, juu ya mteremko, ameingia ndani kunywa kahawa. Baiskeli mpya, inang'aa, inaniangalia.

Nikaweka debe la maziwa chini.

Nilikuwa naazima tu. Hilo nalisema mpaka leo.

Shida ni kwamba nilijua kupanda, sikujua breki iko wapi. Waswahili wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia ziwani. Nilipita katikati ya wanawake waliokuwa wanafua, nikapita juu ya shuka za mtu, halafu nikasikia baridi.

Mimi nilitoka majini. Baiskeli iko huko mpaka leo, na Ziwa Kivu si dimbwi.

Nikapelekwa kwa jaji. Alikuwa Mzungu mwekundu, anaongea Kiswahili chetu kama mtu anayetafuna kokoto.

"Weye mutu ya baisikeli, simama!"

Nikasimama.

Akaeleza kwamba sheria ya watoto wakosefu inampa njia mbili. Ya kwanza, anipeleke kwenye nyumba ya serikali ya kurekebisha watoto, mbali kabisa, safari ya lori na meli, nikae huko mpaka niwe mtu mzima. Ya pili, aniache kijijini mikononi mwa mtu anayefaa. Na akamwangalia baba yangu kuona kama anafaa.

Baba akasema, "Bwana juge, mukamate. Mimi amenishinda."

Mama yangu, Nyiransengimana, alianza kulia hapohapo. Mimi nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeshazoea kujifanya mwanamume.

Jaji akakuna kidevu. Akasema kuna jambo jipya. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Léopoldville wamerudi likizo, vijana weusi waliosoma mambo ya akili za watu, nao wamejitolea kuwashauri watoto wakosefu nyumbani kwao. Mmoja atakuwa anakuja kwetu kila juma. Mwisho wa likizo ataleta ripoti. Ripoti ikiwa nzuri, nabaki. Ikiwa mbaya, lori.

Basi maisha yangu yakawekwa mikononi mwa mwanafunzi.

Alifika Jumamosi. Tulimwona toka mbali, maana hakuna mtu aliyewahi kupanda Kanyaruchinya na viatu vya namna ile. Miwani, tai, suruali iliyopigwa pasi. Na kichwani, juu ya ile elimu yote, amebeba kibuyu kikubwa cha kasiksi, pombe ya ndizi, inamtiririkia shingoni.

"Naitwa Donat Sikuli," akasema akihema. "Ni mutu wa Butembo. Nimekuya kuongea na mutoto."

Baba hakuangalia uso wake. Aliangalia kibuyu.

"Na hii pombe ni ya nini?"

"Ya kusalimia, Papa. Mukono mutupu haulambwi."

Hapo inabidi niwaeleze kitu, ninyi msiotoka kwetu. Kwa watu wetu wa Kinyarwanda, kama nyumba ina binti mkubwa ambaye hajaolewa, na kijana mgeni akaja na pombe akampa baba wa binti, hiyo si salamu. Tunaita kushika irembo, yaani kushika lango. Maana yake: nimeliona ua lako, nimeona kilichomo, naomba niruhusiwe kurudi. Baba akiinywa mbele ya watu, amekubali urudi.

Na binti alikuwepo. Dada yangu Dancille, miaka ishirini, anashuka mjini kujifunza kushona, mrembo mpaka anaudhi. Alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni.

Baba akatuma mtu amwite jirani yetu Hitimana, mzee mwenye koo refu na kumbukumbu ndefu, awe shahidi. Wakaweka mirija. Wakanywa.

Donat naye, maskini, amekaa pale anatabasamu, anafuta miwani, amefurahi kwamba familia imempokea vizuri.

Kisha akanichukua pembeni kunishauri. Akatoa karatasi na kalamu.

"Chora muti."

Nikachora baiskeli.

"Sawa. Wakati baisikeli iliingia mu maji, ulijisikia namna gani?"

"Nilijisikia baridi."

"Hapana, mu roho."

"Mu roho pia baridi. Maji iliingia mupaka mu masikio."

Akatikisa kichwa polepole kama padri. Nikajisemea: huyu ataniandikia ripoti ya kunizika.

Kesho yake alfajiri, wakati wa kukamua, nikawasikia wazazi wangu upande wa pili wa ng'ombe.

"Anajua kitu amefanya?" baba akauliza.

"Hajui," mama akasema. "Ni mutu wa Butembo. Kwao hesabu ya mahari ni ya mbuzi."

Baba akaendelea kukamua. Maziwa yakawa yanalia kwenye chombo. Mjue kwamba baba yangu alikuwa ameapa, mbele ya ukoo, kwamba binti yake hataolewa na mtu asiyejua kumwita ng'ombe kwa jina lake. Amekwisha kufukuza wachumba wazima wazima kwa sababu hiyo.

"Mukwe hawezi kumutupa shemeji yake," akasema mwishowe. "Ataandika rapport muzuri."

"Sasa tumwambie?"

"Aa. Mwache asijue."

Nikakaa palepale na kamba ya ndama mkononi. Baba yangu aliyesema "mukamate" sasa alikuwa anavunja kiapo kwa ajili yangu. Sikujua kama nicheke au nilie. Nikafanya yote mawili, ndama akanishangaa.

Dancille alipoambiwa, alilia kama mtu aliyefiwa. Alifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanatetemeka. Nikamwonea huruma, lakini si sana. Kati ya mimi kwenda na lori na yeye kuolewa na miwani, nilikuwa najua kura yangu iko wapi.

Jumamosi iliyofuata Donat akaja tena. Na ya tatu.

Mnajua ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Huyu mgeni siku ya tatu alileta jembe lake mwenyewe.

Jembe jipya. La mhunzi. Mpini wake umelainishwa vizuri. Amelibeba begani, mlima mzima, na tai.

Hitimana alipomwona anapita aliacha maharagwe yake akamfuata mbio, hakuna aliyemwita.

"Papa," Donat akamwambia baba, kwa mikono miwili, "nimeleta jembe. Kazi ya mikono inanyoosha mutu. Tulisoma hivyo kule université."

Kwetu jembe ndilo linalofunga neno. Pombe inafungua lango, jembe linakuingiza ndani. Ukishalipokea, wewe na aliyeleta mmekuwa watu wa nyumba moja, mengine ni ng'ombe na kelele tu.

Baba akalipokea kwa mikono miwili. Akaliweka ndani, ukutani, mahali pa heshima, si mahali pa majembe.

"Si Célestin alime nalo?" Donat akauliza.

"Bado," baba akasema. "Hii haitumike hovyo."

Hitimana akakohoa mpaka akatoka nje.

Mimi siku hiyo nilishauriwa kama mfalme. Donat aliuliza kama nilikuwa namwogopa baba yangu nikiwa mtoto, nikamwambia hata jana. Akauliza naota nini, nikamwambia baiskeli. Akaandika. Nilimjibu kwa upole mkubwa, maana ni shemeji yangu, hajui tu. Nilikuwa nikimtazama na kumhurumia: msomi mzima, amefungwa kamba miguuni, anaendelea kuniuliza najisikia namna gani.

Likizo ikaisha. Tukaitwa kwa jaji.

Usiku huo mama alininyoa, akanipaka samli kichwani. Nilikuwa najisikia vizuri sana. Mkwe ndani, ripoti nzuri, lori litapita bila mimi.

Sikumhesabu baba na kiburi chake.

Tulikwenda sote: baba na fimbo yake nzuri, mama, Dancille amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Donat alikuwa ameshafika, ripoti mkononi. Akaisoma kwa Kifaransa. Sikuelewa, ila nilisikia jina langu linapita katikati ya maneno matamu, nikainua kidevu.

Jaji akaridhika. Akachukua kalamu. Halafu akauliza, kwa kupita tu, kama mtu anayeuliza mvua:

"Huyu mwanafunzi nakwenda Léopoldville. Nani nachunga mutoto sasa?"

Baba akasimama. Akajinyoosha mpaka akawa mrefu kuliko mlango.

"Mukwe yangu, Bwana juge."

"Mukwe gani?"

Baba akanyoosha fimbo, taratibu, mpaka ncha yake ikamwelekea Donat kwenye tai.

"Huyu."

Mama akasema "Yesu." Mimi nikatazama sakafu.

Jaji aliweka kalamu chini. Uso wake, uliokuwa mwekundu tayari, ukazidi. Akauliza kama ni kweli. Baba, ambaye bado alidhani anasaidia, akaeleza yote: kibuyu, mirija, Hitimana shahidi, jembe, ukuta. Alisimulia vizuri sana. Polisi aliyekuwa mlangoni alianza kutikisa kichwa akikubali, kama mtu aliyeombwa ushahidi.

Jaji akamgeukia Donat.

"Weye nasikia vizuri. Kama weye ni mukwe, hii rapport ni karatasi ya choo. Shemeji naandika juu ya shemeji! Mutoto nakwenda. Kama weye si mukwe, ambia huyu muzee hapa, mbele yangu: weye nasema bongo, nasema uwongo."

Sasa tazameni mahali alipokwama. Akisema si mkwe, ripoti inasimama, mimi narudi nyumbani. Lakini baba amekuwa mwongo mbele ya Mzungu, na dada yangu, na gauni lake jipya, amekataliwa hadharani baada ya jembe kupokelewa. Msichana wa namna hiyo watu hawamwachi, watamwimba mpaka kisimani. Akisema ni mkwe, dada yangu anainua kichwa, na mimi lori.

Na ilikuwa rahisi sana kwake kukataa. Alikuwa hajui! Angesema tu: samahani, nilileta salamu, nilileta chombo cha kazi, mimi ni mtu wa Butembo.

Nilimwombea akatae. Ndiyo, nilimwombea. Wivine anataka nifute hapa, nimekataa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliogopa.

Donat akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Akairudisha.

"Jembe nililileta miye," akasema. "Na nilijua ni jembe ya nini."

Mimi nikaanza kusikia lori.

Akaichukua ripoti mezani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Rapport tuache. Bwana juge, ulisema sheria inakubali mutoto akae mu mikono ya mutu anafaa. Mimi nilisoma ile sheria. Ndugu mwenye elimu na mwenendo muzuri anafaa. Sasa miye ni ndugu yake. Baba yake alisema amemushinda. Basi munipe miye."

Jaji akamkazia macho.

"Na masomo?"

Donat akalegeza tai kidogo. Kidogo tu. Lakini nilimwona.

"Masomo itangoja."

Jaji akamtazama yeye, akamtazama baba, akamtazama Dancille kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akacheka, cheko moja, kama mbwa akibweka. Akaandika. Akapiga muhuri.

Ndivyo nilivyohukumiwa kwa shemeji.

Tulipokuwa tunatoka, baba akamshika Donat mkono.

"Na ng'ombe?" akauliza.

"Mbuzi, Papa. Lakini bengi."

Baba akaguna. Mbuzi walikuja baadaye na lori kutoka Butembo, wakala maharagwe ya Hitimana, hiyo ni hadithi nyingine ya mahakamani.

Njiani kupanda Kanyaruchinya, wazazi walitangulia. Mimi nilikuwa nyuma na hao wawili.

"Shemeji," nikamwambia Donat, "lakini ulijua namna gani? Mutu wa Butembo atajua jembe yetu wapi?"

Dancille ndiye aliyeanza kutetemeka mabega, uso ndani ya kitenge. Vilevile kama siku ile aliyolia.

Hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Na siku ile pia alikuwa anacheka.

"Weye uko mujinga sana," akaniambia. "Nani alimwonesha muhunzi?"

Ikatoka yote. Walijuana tangu likizo ya mwaka uliotangulia, mjini, Dancille alipokuwa anajifunza kushona. Walijua baba hatakubali kamwe mtu wa mbuzi. Walikuwa wamekata tamaa. Halafu mimi nikaingiza baiskeli ziwani, na Donat akasikia wanatafutwa wanafunzi wa kushauri wakosefu. Wenzake walichukua watoto wa mjini, karibu na nyumba zao. Yeye aliinua mkono kwa mkosefu wa juu mlimani.

Dancille ndiye aliyepanga: leta pombe kwanza, tabasamu, usiseme kitu. Jembe siku ya tatu. Ongea mambo ya université. Baba akifikiri anakudanganya wewe, atameza kila kitu.

Na akameza. Sote tulimeza. Baba alijiona mjanja, mama alijiona mjanja, mimi ndiye nilijiona mjanja kuliko wote, namhurumia msomi kwa kamba iliyo miguuni mwangu mimi mwenyewe.

Nilikasirika. Nilimwambia Donat, "Kumbe hukuwa unakuya juu yangu. Miye nilikuwa irembo tu!"

Akasimama katikati ya njia, akahema.

"Mwanzo, ndiyo," akasema. "Lakini irembo ile ilianza kunichekesha. Ile baisikeli ulichora, niko nayo."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa imekunjwa pamoja na ripoti.

Nilimpenda siku hiyo, na sijaacha.

Hakurudi chuo kikuu. Nilidhani ni mwaka mmoja, ukawa miwili, halafu nchi ikabadilika, watoto wakaja. Alifundisha shule Rutshuru mpaka mvi. Nilikaa kwao mpaka nikawa mtu mzima, na nawaambia kweli, ile nyumba ya serikali ingekuwa na kelele kidogo kuliko hapo. Huwezi kuvunja sahani kwa Donat bila kuulizwa unajisikia namna gani. Alinifundisha kusoma vizuri. Alininunulia baiskeli, ila kwanza alinionesha breki.

Karibu na mwisho wake, nilikwenda kukaa naye. Dancille alikuwa jikoni, tunamsikia anaimba. Nikamuuliza swali nililolibeba maisha yangu yote.

"Shemeji, ile siku kwa juge. Ungesema hujui jembe, ungerudi Léopoldville. Ungekuwa mutu mukubwa. Haikuumi?"

Akafuta miwani. Akaniangalia vizuri.

"Na weye," akasema, "ukiuliza hivyo, unajisikia namna gani?"

Nikamwambia najisikia baridi mpaka masikioni. Tukacheka mpaka Dancille akaja kuona kuna nini.

Jembe liko bado ukutani. Halijalima hata mara moja. Lilipita kutoka kwa baba kwenda kwa Dancille, sasa liko kwa Wivine, maana yeye ni mjukuu wao hao wawili. Ndiyo sababu amekuwa akifuta-futa humu kila nikimtaja bibi yake.

Funzo? Haya. Ukiona mtu anapanda mlima kila juma kuja kukurekebisha tabia, mheshimu, mjibu vizuri, mchoree mti wake.

Lakini geuka kidogo uangalie nani amesimama nyuma yako mlangoni.